Mkutubi Asiyesikika wa Falemalu

Fuatino alifundisha darasa la nne katika shule ya Falemalu mpaka sauti ikamwishia. Haikumwishia kwa siku moja. Ilianza kwa kukwaruza, ikawa nzito kama ya mwanamume, halafu ikawa inakuja asubuhi na kuondoka kabla ya mapumziko, na mwishowe ikaacha kuja kabisa. Madarasa ya shule ile hayakuwa na kuta. Yalikuwa na nguzo na paa tu, darasa la tatu upande huu na la tano upande ule, na kila mwalimu alifundisha kwa kuwazidi kelele wenzake wa pembeni. Fuatino alikuwa amewazidi kwa miaka mingi. Walikuja wengine, wakaondoka, wakaja wengine, na hao nao akawazidi.

Daktari wa hospitali ya Apia, mji mkuu wa Samoa, alimmulika kooni, akasema nyuzi za sauti zimeota vinundu, kwa hiyo anyamaze. Fuatino akamwuliza kwa kunong'ona: anyamaze mpaka lini? Daktari akamjibu kwamba hata huko kunong'ona ni kusema. Basi akapanda meli kurudi kisiwani kwao Savai'i, akakaa njia nzima akitazama mbele, na watu waliomsalimia wakadhani ana majivuno.

Mwalimu mkuu, Lafaele, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka. Alilifikiria suala la Fuatino kwa muda mfupi, kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kufikiri.

"Utakaa maktaba," alimwambia. "Kule kelele haziruhusiwi. Ukae mpaka sauti irudi, ikirudi unarudi darasa la nne."

Hivyo ndivyo Fuatino alivyokuwa mkutubi.

Maktaba ya Falemalu ndiyo ilikuwa chumba pekee shuleni chenye kuta nne na mlango wa kufuli, na kwa sababu hiyo ilihifadhi kila kitu kilichostahili kufuli. Palikuwa na mipira, jezi za raga, sanduku la dawa, ngoma ya kwaya, spika ya kanisa iliyokuwa inasubiri fundi, na mashine ya kukatia nyasi. Palikuwa pia na vitabu. Siku ya kwanza Fuatino alivihesabu, siku ya pili alivifuta vumbi, na siku ya tatu Lafaele alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Fuatino, wasichana wa netiboli hawana mtu. Utawashika?"

"Siwezi," alinong'ona Fuatino. "Mimi netiboli sijui hata—"

"Ahsante sana," alisema Lafaele, na ule mguu wa ndani nao ukatoka.

Jioni yake Fuatino alikuwa uwanjani na filimbi. Ilibainika kwamba refa hahitaji sauti, wala hahitaji kujua netiboli. Anahitaji filimbi na uso usiobadilika, na uso huo Fuatino alikuwa nao.

Baada ya netiboli likaja sanduku la dawa. Alieleza kwamba anaogopa damu, lakini alieleza kwa kunong'ona, na mtoto mwenye goti lililochunika alikuwa analia kwa sauti. Akalifunga lile goti huku akitazama pembeni. Tangu hapo akawa nesi. Akakagua chawa. Akang'oa meno yaliyolegea. Watoto walioumwa tumbo kabla ya somo la hesabu aliwalaza juu ya mkeka nyuma ya rafu, akawapa kitabu cha picha, na wote walipona somo lilipokwisha. Alishona jezi. Alipika kakao wakaguzi walipokuja. Mwezi wa Oktoba, kabla ya sikukuu ya watoto kanisani, alishona mabawa ya malaika wote wa kijiji. Kila kazi aliikataa, na kila aliyemwomba alimshukuru akaenda zake.

Kazi ambayo hakuombwa na mtu ilikuja yenyewe. Mwalimu Lusia wa darasa la tano, aliyekuwa jirani yake zamani, aliingia siku moja kutafuta chaki, akakaa, akaanza kulia.

"Mama mkwe wangu, dada," alisema Lusia. "Ananihesabia magimbi sufuriani. Kweli nakwambia. Anafunua, anahesabu, anafunika."

Fuatino alifungua mdomo kumwambia kwamba hata yeye angehesabu, maana Lusia alijulikana kwa kula. Sauti haikutoka. Lusia akaendelea mpaka kengele ikalia, akapangusa macho na pindo la nguo yake, akamkumbatia.

"Kuongea na wewe kunanituliza," alisema. "Una hekima sana siku hizi."

Habari zilienea. Walimu walikuja, mpishi wa shule akaja, mke wa mchungaji akaja akijidai anatafuta kitabu cha ushonaji. Fuatino alijua nani anamdai nani, nani hampendi nani, na nani alimpenda nani zamani kabla hawajaoa kwingine. Hakulipeleka neno lolote popote. Watu wakasema ni mwaminifu, na kwa kweli alikuwa mwaminifu, ila hakupata nafasi ya kujaribiwa.

Jambo moja tu alilifanya kwa kupenda mwenyewe, nalo lilikuwa kulisomea darasa la kwanza hadithi. Wakati jua limeuzunguka ukuta wa nyuma wa maktaba na kivuli kimeshuka, alitandika mkeka pale nje, na watoto wakaja. Kwa kuwa alinong'ona, iliwabidi wasogee. Walisogea mpaka wakambana, wengine kichwa mapajani, wengine kidevu begani kwake, wakanyamaza kabisa ili wasipitwe na neno. Katika miaka yote ya kuwazidi wenzake kelele, Fuatino hakuwahi kusikilizwa namna ile. Hakumwambia mtu. Na nani angemsikia?

Mwaka wake wa nne maktabani wakaja madaktari wapasuaji kutoka New Zealand, wakakaa Apia wiki kadhaa, na Fuatino akawa mmoja wa waliopasuliwa. Wakamwambia vinundu vimetoka, apumzishe koo, sauti huenda ikarudi, huenda isirudi. Akarudi nyumbani. Akapumzisha koo, jambo alilokuwa amelizoea.

Asubuhi moja alikwenda shambani kwake akamkuta nguruwe wa jirani katikati ya magimbi, anakula bila wasiwasi.

"Toka humo, mshenzi wewe!" alisema Fuatino.

Nguruwe akainua kichwa. Fuatino naye akasimama pale pale, kiganja kooni. Ilikuwa sauti yake yenyewe, nzima, kubwa, haina hata mkwaruzo. Akamwambia nguruwe maneno mengine mawili matatu, ili kuhakikisha. Nguruwe akatoka.

Njiani kuelekea shuleni alipanga namna atakavyomwambia Lafaele. Alipofika akamkuta Lafaele amesimama mbele ya darasa la nne, wanafunzi wamejaa mpaka ukingoni, mwalimu wao wa muda ameondoka tena, la tatu linaimba, la tano linagombana. Lafaele akamwona.

"Vipi koo?" aliuliza kwa kupiga kelele.

Fuatino alilitazama darasa la nne. Kisha akanyoosha mkono, akautikisa polepole: hivyo hivyo tu.

Akaingia maktaba, akafunga mlango, akakaa kati ya jezi. Alijua amefanya vibaya. Alijua pia kwamba hatatoka.

Basi akaendelea kunong'ona kwa hiari yake. Sauti akaitumia shambani tu, na nguruwe wa jirani wakahamia kwa watu wengine.

Sasa, mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa Mulipola, matai, mkuu wa ukoo mkubwa pale kijijini, mwanamume mpana mwenye lori. Lori lile halikuwa na kioo cha pembeni hata kimoja, na breki zake zilitaka kukumbushwa. Wakati huo shule ilikuwa inajenga msingi wa tangi la maji, na Mulipola alijitolea kuleta mchanga kutoka ufukweni. Kila alipofika alirudisha lori kinyumenyume kupitia nyuma ya maktaba, huku mpwa wake amesimama nyuma akimwelekeza kwa mikono. Siku hiyo mpwa alisikia kiu, akaenda kuangua dafu.

Darasa la kwanza lilikuwa limeshajilaza juu ya mkeka, kivulini, linamsubiri Fuatino aliyeingia ndani kuchagua kitabu. Alikuwa anavuta kitabu rafuni aliposikia injini. Akatazama kupitia vipande vya kioo vya dirisha la nyuma. Lori lilikuwa linarudi. Ndani yake redio ilikuwa inapiga nyimbo za kwaya kwa nguvu zote, na Mulipola alikuwa anaimba sauti ya nne. Mpwa hakuwepo. Watoto walikuwa wanatazama mawingu.

"Simama! Simama, mjinga wewe! Watoto!"

Haikuwa sauti ya maktaba. Ilikuwa sauti ya darasa la nne, tena ya siku zake za nguvu. Ilivuka darasa la tatu na la tano, ikavuka uwanja, na wanawake waliokuwa wanasuka mikeka upande wa pili wa barabara wakaacha kusuka.

Lori likasimama. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekanyaga ukingo wa mkeka. Mtoto mmoja aliyeitwa Tiresa, aliyekuwa amelala upande huo, akavuta mguu wake, akaliangalia lile gurudumu.

"Umekanyaga mkeka wetu," alisema.

Mulipola akashuka. Redio ilikuwa bado inaimba. Akawatazama watoto mmoja mmoja, akaugusa mkeka, akatazama huku na huku, na kwa kuwa hapakuwa na mtu, akatazama juu.

"Nani ameniita?" aliuliza.

Walimu walikuwa wamefika mbio, Lafaele mbele, Lusia nyuma yake akihema. Kila mmoja akamwuliza mwenzake ni nani. Fuatino alikuwa ameshika dirisha kwa mikono miwili.

"Mimi," alisema.

Lakini hofu ilikuwa imemkaba koo, na neno lilitoka dogo kuliko mnong'ono wowote aliowahi kunong'ona.

"Usilisumbue koo lako, mwalimu," Mulipola alimwambia kwa upole.

"Wewe ulikuwa hapa," alisema Lafaele. "Umemwona aliyepiga kelele?"

Fuatino akajinyooshea kidole kifuani.

"Anasema moyo umemshtuka," alifasiri Lusia.

"Hata mimi," alisema Lafaele.

Koo lilimfunguka jioni ile ile, na angeweza kwenda kusema. Hakwenda. Siku iliyofuata akajiambia atasema kesho, na kesho yake hivyo hivyo, na ilipofika Jumapili alikuwa ameshachelewa.

Siku hiyo Mulipola, ambaye kanisani alizoea kusinzia, alisimama baada ya wimbo wa pili akaomba kutoa ushuhuda. Alieleza habari ya lori. Alieleza habari ya sauti.

"Iliniita mjinga," alisema mbele ya kanisa zima. "Hapo ndipo nilipojua kwamba inanifahamu."

Watu wakalia. Mchungaji Etuale, aliyekuwa ameishiwa mahubiri tangu Pasaka, alionekana kunawiri. Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya sauti, na Jumapili ya tatu akatangaza ibada ya shukrani, kwamba vijiji jirani vitaalikwa, mzee wa kanisa wa wilaya atakuja, na pale gurudumu liliposimama litawekwa jiwe la kumbukumbu. Ukoo wa Mulipola ukajitolea nguruwe.

Kijijini ubishi ulikuwa mmoja tu: ni nani aliyesema. Wengi walisema malaika. Wale wanawake waliokuwa wanasuka mikeka walisema walisikia kwa masikio yao na sauti ilikuwa ya kike. Mke wa Mulipola akasema kama ni ya kike basi ni marehemu mama mkwe wake, kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kumwita Mulipola mjinga akabaki salama. Wazee waliomfahamu marehemu wakapinga. Walisema yeye angeishia kwenye mjinga, asingeongeza habari za watoto.

Kwa Fuatino maktabani hadithi hizo zote zilifika, tena mara nyingi, na kila aliyezileta alimshukuru kwa kumsikiliza. Lusia alimletea hata swali.

"Dada, na wewe ulikuwa karibu kuliko wote. Mwili ulikusisimka?"

Fuatino akaitikia kwa kichwa. Huo haukuwa uongo.

Kilichomwangusha ni Tiresa. Mtoto yule alibaki nyuma siku moja wenzake walipoondoka mkekani, akawa anachezea nyuzi za ukingo uliokanyagwa.

"Mwalimu, niliwaambia nyumbani wakati wa sala kwamba ni wewe," alisema. "Nilikuona dirishani. Mama akasema nisitie uongo kwenye sala, nikalala bila kula."

Fuatino akakifunga kitabu.

"Nilitia uongo?"

Fuatino alitazama kushoto na kulia. Kisha akasema kwa sauti yake kamili, taratibu, kama anavyosema mtu mzima yeyote: "Hapana. Hukutia uongo. Ni mimi."

Tiresa hakushangaa hata kidogo.

"Sasa waambie," alisema, akaenda kupanga mstari.

Siku hiyo hiyo, vikombe vya chai ya alasiri vilipokuwa mezani kwa mchungaji, Fuatino alifika, akavua viatu, akakaa mkekani.

"Baba Mchungaji," alisema, "ile sauti ni yangu."

Mchungaji Etuale akakiweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa.

"Imerudi lini?"

"Muda kidogo."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nilimwambia nguruwe."

Nje, vijana walikuwa wanalipaka chokaa jiwe la kumbukumbu.

"Kwa nini, binti yangu?"

"Naogopa darasa la nne," alisema Fuatino. Alipolisema aliona aibu, akaendelea haraka. "Na napenda kule nilipo. Watoto wananisogelea. Sijawahi kusogelewa nikiwa mwalimu. Sikujua kwamba nikinyamaza mwanzo nitalazimika kunyamaza na haya mengine. Sasa mtoto wa watu analala na njaa kwa sababu yangu."

Mchungaji alishika tama. Alifikiria mahubiri mawili aliyokwisha kuyatoa, na hubiri la tatu lililokuwa tayari, ambalo lilikuwa zuri kuliko yote.

"Ushuhuda si wangu," alisema mwishowe. "Ni wa Mulipola. Nenda kwake. Akitaka kuuondoa, auondoe mwenyewe. Mimi..." Akatazama dirishani. "Mimi nitawaambia wapunguze chokaa."

Mulipola alikuwa amekaa peke yake chini ya paa la nyumba yake ya wageni, lavalava, ile nguo ya kiunoni, imekunjwa vizuri, anasokota kamba ya makumbi ya nazi juu ya paja, kama wakuu wa koo wanavyofanya wakati wanataka waonekane hawana la kufanya. Akamkaribisha. Fuatino akakaa karibu na nguzo ya pembeni, mahali panapomfaa mtu mwenye kosa.

"Mheshimiwa, nimekuja kuomba radhi," alisema. "Mimi ndiye niliyekuita mjinga."

Mulipola hakuacha kusokota.

"Najua," alisema.

Fuatino alikuwa amejiandaa kwa hasira, na kwa kicheko pia. Kwa hilo hakuwa amejiandaa.

"Unajua?"

"Umewafundisha binti zangu wote wanne. Nilikuwa nakusikia kutoka shambani. Unadhani nitaisahau sauti ile?"

"Sasa malaika ametoka wapi?"

Mulipola akasokota kidogo, akasimamisha mkono.

"Niliposhuka nikauona ule mguu wa mtoto," alisema. "Nikajiambia hivi. Nikisema mwalimu fulani kapiga kelele, watu watauliza: kwa nini ilibidi apige kelele? Breki vipi? Kioo kiko wapi? Mpwa wako alikuwa wapi? Lakini nikisema malaika, watauliza habari za malaika. Na ndivyo ilivyokuwa. Hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza habari za breki."

"Umezitengeneza?"

"Hapana."

Kuku akapita katikati yao.

"Usiku nauona mguu ule," alisema Mulipola.

"Mguu ni wa Tiresa," alisema Fuatino. "Kwao wanamwita mwongo."

Mulipola akaiweka kamba chini. Hawakula kiapo wala hawakupeana mikono. Alisema tu, "Sawa," na Fuatino akaenda nyumbani.

Ibada ya shukrani ilijaa mpaka nje. Watu wa vijiji jirani walikuja na nguo nyeupe, mzee wa wilaya akakalishwa mbele, kwaya ikaimba. Kisha Mulipola akasimama, na watu wakajiweka sawa kusikia upya habari wanayoijua.

"Siku ile lori langu halikuwa na breki," alisema Mulipola. "Halikuwa na kioo. Nililirudisha juu ya watoto bila mtu nyuma, huku naimba. Aliyewaokoa ni Mwalimu Fuatino wa maktaba. Sauti yake imepona. Mimi nilijua tangu saa ile ile, nikawadanganya, kwa sababu niliona haya. Mtoto Tiresa alisema kweli."

Akakaa.

Hakuna aliyejua iimbwe nini. Mzee wa wilaya, aliyesafiri tangu alfajiri, aliinamisha kichwa, na haikujulikana kama anasali. Mama yake Tiresa alimvuta binti yake mapajani, akamwinamia mpaka kofia yake ya kanisani ikawafunika wote wawili, na kofia ile ilikuwa inatikisika. Lusia aligeuka kwenye benchi akamtazama Fuatino, na mtu aliyekuwa karibu angeweza kuona jinsi anavyokumbuka, moja baada ya jingine, yote aliyowahi kumwambia.

Baraza la matai lilikaa mchana ule ule, kwa kuwa wote walikuwapo. Mulipola alitozwa faini ya nguruwe kwa kuhatarisha watoto na kwa kulidanganya kanisa. Nguruwe wa shukrani walikuwa wameshaokwa, kwa hiyo baraza likaamua kwamba wale wale wahesabiwe kuwa wa faini, na wakaliwa kama ilivyopangwa. Kisha mmoja wa wazee akakumbusha kwamba kuna mwanamke amemwita matai mjinga mbele ya watu. Jambo hilo likajadiliwa kwa kirefu. Mulipola mwenyewe alisema kwamba kwa siku ile neno lilikuwa sahihi. Baraza likajibu kwamba usahihi si hoja, na Fuatino akatozwa katoni ya samaki wa kopo. Aliileta kabla jua halijazama, na hiyo nayo ikaliwa. Lile jiwe, lililokwisha pakwa chokaa upande mmoja, lilipelekwa kwenye msingi wa tangi.

Jumatatu asubuhi Lafaele alisimama mlangoni mwa maktaba, mguu mmoja ndani.

"Hongera kwa sauti," alisema. "Darasa la nne linakungoja. Ahsante sana." Na akaanza kuondoka.

"Hapana," alisema Fuatino.

Lafaele akasimama. Neno hilo alikuwa ameambiwa na Fuatino mara nyingi sana, ila hakuwahi kulisikia. Akaingiza mguu wa pili. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Lafaele kuingia maktaba mzimamzima.

"Unasema?"

"Nasema hapana. Sirudi. Nikirudi sauti itaondoka tena, utabaki huna mwalimu wala mkutubi."

"Tulikubaliana, sauti ikirudi—"

"Ulikubali wewe. Mimi nilikuwa sisikiki."

Lafaele alikaa juu ya mashine ya kukatia nyasi. Alitaka kukasirika, lakini hilo lilihitaji muda.

"Bibie, sina mtu wa la nne. Nilifanyeje darasa lenyewe?"

"Kila siku walete hapa kwa saa moja, niwafundishe kusoma. Na la tatu, na la tano, kwa zamu. Humu ndani, penye kuta. Utawakuta wanasoma. Hayo mengine omba mwalimu wilayani. Na mpaka aje, wafundishe wewe."

"Mimi?"

"Una sauti nzuri."

Lafaele akalitafakari hilo. Aliliona kuwa kweli.

"Na netiboli?" aliuliza.

"Lusia. Yeye anapenda kupiga filimbi, aliniambia mwenyewe."

"Na dawa?"

Fuatino akalitazama sanduku. Alikuwa amekusudia kulikataa sanduku la dawa, kwa sababu damu alikuwa bado anaiogopa.

"Dawa nitabaki nazo," alisema, akajishangaa. "Lakini mipira itoke. Jezi zitoke, ngoma itoke, na hiyo uliyoikalia itoke. Watoto watakaa wapi?"

"Ziende wapi? Hakuna kwingine penye kufuli."

"Fundi wa spika ya kanisa anauza makufuli," alisema Fuatino. "Ofisi yako ina mlango."

Walihamisha siku ile ile. Darasa la nne lote liligeuzwa wapagazi, na kazi ya asubuhi moja ikachukua kutwa, kwa sababu mipira ilipitia uwanjani. Mulipola alifika na lori, likiwa na breki mpya, kioo kipya kila upande na mpwa nyuma, akabeba ngoma na mashine bila kusema neno. Lafaele aliona ofisi yake ikijaa mpaka dirishani, akahamishia kiti chake barazani.

Jezi ndizo zilitoka mwisho. Zilikuwa zimerundikwa ukutani kwa miaka, za timu zilizokwisha sahaulika, na chini yake kulikuwa na viota vya panya na sare ya mtu ambaye sasa ni babu. Rundo lilipoondoka, Fuatino akaona kwamba ukuta ule una dirisha. Alikuwa amefanya kazi mle ndani muda wote ule gizani upande huo, wala hakujua. Akalipangusa kwa kitambaa kuukuu, akashika mpini, akajikaza, na vipande vyake vya kioo vikalalamika, kisha vikafunguka vyote kwa pamoja.

Upande wa pili palikuwa na choo cha wavulana.

Fuatino akatazama kwa muda, kwa uso wake ule wa refa. Akalifunga dirisha, akasukuma rafu ya vitabu vya jiografia mpaka ikalifunika, akaenda kuwafungulia la tatu, waliokuwa wameanza kugonga mlango.